Msaada wa kisheria katika madai ya fidia ya wafanyakazi nchini Tanzania

Msaada wa kisheria katika madai ya fidia ya wafanyakazi ni ushauri, uandishi wa nyaraka na uwakilishi anaopata mfanyakazi, au familia yake, baada ya kunyimwa fidia ya ajali, ugonjwa au kifo kilichotokana na kazi. Kwa upande wa Tanzania Bara madai hayo hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (kifupi: WCF) chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 (Sura ya 263). Zanzibar ina sheria yake.

Barua ya kukataliwa haimalizi dai. Sheria inatoa nafasi ya kupinga uamuzi kwa ngazi: kwanza ndani ya Mfuko wenyewe, kisha kwa waziri mwenye dhamana ya kazi, na hatimaye katika Mahakama ya Kazi.

Historia

Fidia ya lazima kwa walioumia kazini ilianza Ujerumani mwaka 1884, na mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 17 kuhusu fidia ya ajali kazini. Nchini Tanzania sheria iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni ilimbebesha mwajiri mzigo wa kulipa. Aliyeumia alitegemea uwezo na nia ya mwajiri wake au ya kampuni ya bima, na viwango vilikuwa vidogo.

Sheria ya mwaka 2008 iliweka mfuko mmoja kwa sekta ya umma na sekta binafsi. Mfuko ulianza kupokea michango mwezi Julai 2015, na kulipa fidia mwezi Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ni marufuku kuukata mchango huo kwenye mshahara wa mfanyakazi.

Mafao ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo ya msaidizi wa mgonjwa, utengamao, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wa marehemu.

Sababu za dai kukataliwa

Mambo yanayozua mabishano mara nyingi ni haya:

- Kuchelewa. Ajali inatakiwa kufikishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12, la sivyo haki ya mafao hupotea. Mwajiri naye ana wajibu wa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 baada ya kupata habari.
- Uthibitisho wa ajira. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi wala hati ya malipo huambiwa kwamba hakuwa mfanyakazi wa anayetajwa.
- Uhusiano wa ajali na kazi. Hapa huulizwa kama mtu aliumia akitekeleza kazi ya mwajiri au akiwa kwenye shughuli zake binafsi, hasa katika ajali za barabarani.
- Uhusiano wa ugonjwa na kazi. Magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi la mawe huonekana baada ya miaka mingi, wakati mwingine mgonjwa akiwa ameshaacha kazi.
- Utovu wa nidhamu wa makusudi. Sababu hii inaweza kumnyima mtu fidia, lakini sheria inatoa nafuu pale ajali iliposababisha ulemavu mkubwa au kifo.

Kuna pia madai yanayokubaliwa nusu. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja, na unaozidi kiwango hicho hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo tofauti ndogo katika tathmini ya daktari inaweza kubadilisha maisha ya familia nzima, na tathmini hiyo nayo inaweza kupingwa.

Ngazi za kupinga uamuzi

Hatua ya kwanza ni kuomba mapitio kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko. Ombi hueleza kosa lililomo katika uamuzi na huambatanishwa na ushahidi ambao haukuwepo mwanzoni. Asiyeridhika hukata rufaa kwa waziri mwenye dhamana ya kazi. Baada ya uamuzi wa waziri, shauri linaweza kupelekwa Mahakama ya Kazi, ambayo ni kitengo cha Mahakama Kuu.

Kila ngazi ina muda wake. Kwa sababu hiyo tarehe ya kupokea barua ni jambo la kwanza ambalo mshauri wa sheria huuliza, na mdai hushauriwa kutunza barua pamoja na bahasha yake. Dai lililokataliwa kwa mdomo tu halina tarehe ya kuhesabia. Katika hali hiyo huombwa uamuzi wa maandishi wenye sababu.

Kosa la kawaida ni kulipeleka dai lililokataliwa na Mfuko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tume hiyo hushughulikia migogoro kati ya mfanyakazi na mwajiri. Aliyefukuzwa kazi baada ya kuumia anaweza kuwa na mashauri mawili tofauti: la fidia, linalofuata ngazi za Mfuko, na la kuachishwa kazi isivyo halali, linalotakiwa kufunguliwa kwenye Tume ndani ya siku 30. Kusubiri la kwanza liishe kunaweza kupoteza la pili.

Watoa msaada

Si lazima kuwa na wakili. Kwa mujibu wa Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, mhusika katika Mahakama ya Kazi anaweza kujitetea mwenyewe au kuwakilishwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, mwakilishi aliyemchagua, au wakili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini, ingawa matumizi ya Kiingereza yameruhusiwa katika hali maalumu.

Vyama vya wafanyakazi huwasaidia wanachama wao. TAMICO hushughulikia migodi, nishati na ujenzi, TPAWU mashamba, TALGWU watumishi wa serikali za mitaa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa mtu asiye na uwezo haki ya kuomba huduma bure. Watoa huduma husajiliwa na Msajili aliye chini ya wizara inayohusika na katiba na sheria. Sheria hiyo iliwatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao huelimisha, hushauri na kusaidia kuandaa nyaraka, lakini hawafanyi kazi ya wakili mahakamani.

Dodoma na nyanda za kati

Uamuzi wa kuhamishia serikali Dodoma, ulioanza kutekelezwa kwa kasi mwaka 2016, uliuleta mji huo ujenzi mkubwa: Mji wa Serikali wa Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara za mzunguko na reli ya kisasa kuelekea Makutupora. Kazi hizo huajiri mafundi na vibarua wengi, mara nyingi kupitia wakandarasi wadogo. Aliyeumia anaweza asijue mwajiri wake kisheria ni nani: fundi aliyemwita, mkandarasi mdogo au kampuni kuu. Hali kama hiyo huwapata wachimbaji wa dhahabu mkoani Singida na wapakiaji wa magunia katika soko la mahindi la Kibaigwa.

Kwa upande mwingine, wakazi wa Dodoma wako karibu na ofisi nyingi zinazohusika. Wizara zinazosimamia kazi na sheria ziko mjini humo, sawa na Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichozinduliwa mwaka 2021, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina ofisi huko. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia nayo ilizinduliwa Dodoma mwaka 2023. Kwa wanaoishi vijijini, mlango wa karibu zaidi ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, anayeweza kuwaelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Ushahidi

Kazi kubwa ya msaada wa kisheria ni kukusanya vielelezo kabla havijapotea. Asiye na mkataba anaweza kutumia ujumbe wa malipo kwa simu, daftari la mahudhurio, kitambulisho cha kuingilia eneo la kazi na maelezo ya waliofanya naye kazi. Cheti cha hospitali alikopokelewa siku ya ajali kina uzito kuliko kilichoandikwa miezi baadaye, hasa kikitaja kwamba aliumia kazini. Taarifa za polisi na za Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) huweza kuthibitisha mahali na saa. Wategemezi wa marehemu huhitaji pia cheti cha kifo, cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mwajiri kutojisajili na kutochangia ni kosa lake mwenyewe kisheria. Mfanyakazi anayeambiwa kwamba hana dai kwa sababu hiyo anaweza kutoa taarifa kwa Mfuko au kwa afisa kazi wa mkoa.