Mkono unaouma si mkono mvivu

Leo tuweke programu kando kidogo, tuongee kuhusu mikono inayoziandika.

Hapa Kitengela, Kajiado, tumepakana na Athi River, kwenye viwanda vya EPZ. Sheria ya maeneo hayo ilipitishwa mwaka 1990, na kazi za huko ni sababu moja ya mji wetu kukua haraka. Wako majirani wengi wanaoshona nguo huko, mshono ule ule kutwa nzima. Mimi nabonyeza kibodi. Kazi mbili, maumivu mamoja. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha kano 9 na neva moja. Nafasi ikipungua kwa uvimbe, neva inabanwa, na kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi.

Maumivu ya mikono kazini yalitangulia kompyuta. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini, katika toleo la 1713 la kitabu chake cha maradhi ya wafanyakazi, aliwataja makarani na sababu 3: kukaa muda wote, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kukazwa. Alimjua mmoja aliyeishiwa nguvu mkono wa kulia, akajifunza kuandika kwa kushoto. Nao ukaharibika vile vile. Wewe unayehamishia mausi upande wa pili, hizo ni mbio za sakafuni.

Ikaja telegrafu. Mwaka 1908 Uingereza iliweka maradhi ya mikono ya wapiga telegrafu kwenye orodha ya kulipiwa fidia. Mwaka 1911 kamati ya Posta ya huko ikasema neva dhaifu za mtumishi mwenyewe nazo zinachangia. Lawama hiyo haijaisha: sema mkono unauma, uitwe mvivu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inasema kinyume: mwajiri ahakikishe mahali pa kazi, vifaa na majukumu vinamfaa mfanyakazi. Kazi imfuate mtu.

Kwetu wa kibodi ni rahisi: kibodi usawa wa viwiko, vifundo vinyooke, pumzika kabla hujaumia. Mshonaji mwenye idadi ya kutimiza kila saa hasimami apendavyo. Yeye ndiye anayeihitaji sheria hiyo zaidi.

Na ganzi ikikuamsha usiku, muone daktari mapema. Ukiipuuza, misuli ya gumba inaweza kusinyaa.

Haya, nyoosheni vidole.