Himila, Wala si "Uzito Mfu"

Nimekutana tena na "uzito mfu" katika habari ya meli ya mafuta, na safari hii sinyamazi. Ati meli hiyo ina "uzito mfu wa tani 300,000". Amekufa nani humo? Hesabu hiyo inajumlisha mafuta yaliyopakiwa, mafuta ya injini, maji ya kunywa, chakula na mabaharia wenyewe. Kisichohesabiwa ni chombo kitupu, yaani chuma na mitambo yake.

Walioitunga istilahi hiyo waliona mauti katika neno la Kiingereza, "deadweight", wakayahamisha yalivyo. Laiti wangemuuliza mvuvi wa Unguja! Kwake maji mafu ni yale yasiyojaa sana wala kutoka sana, kinyume cha bamvua. Ufu kwake ni upungufu wa nguvu. Vipi basi tuupachike kwenye kipimo cha nguvu ya meli kubeba?

Neno tunalo: himila. Asili yake ni Kiarabu, shina la kubeba, lile lile lililotuletea hamali anayebeba magunia bandarini Malindi, likatuletea kuhimili, kisha kustahimili. Na himila ni mimba pia. Lipi lingekuwa mbali zaidi na maiti? Yupo mwenzetu anayeshikilia "shehena", na ameliandika hilo kwa kujiamini kusikostahili. Shehena ni mzigo wa mteja. Chakula cha mabaharia hakijawa shehena hata siku moja.

Wala hili si la watunga kamusi peke yao; linawagusa pia wanaofuatilia meli. Mwaka 2012 Serikali ya Zanzibar ilithibitisha kuwa meli 36 za mafuta zenye asili ya Iran zilikuwa zimepewa bendera yetu kupitia wakala wa Dubai. Bendera hubadilishwa, jina hufutwa ubavuni likaandikwa jingine. Namba ya utambulisho ya IMO, yenye tarakimu saba, hubaki na meli mpaka inapokatwakatwa kuwa chuma chakavu. Anayefuatilia safari za chombo huanza na namba hiyo, kisha hutazama himila na kina cha meli majini, apate kujua imejaa au ni tupu. Atatazamaje kwa istilahi inayompoteza?

Matumizi ni mepesi: "meli yenye himila ya tani 300,000". Wahariri wa habari za bandari, andikeni hivyo kuanzia toleo lijalo, na "uzito mfu" muufute popote mtakapoukuta.