Istilahi za Milinganyo na Hesabu ya Kahawa: Mfano wa Bukoba na Muleba

Mara nyingi istilahi za hisabati huzungumzwa kana kwamba ni mali ya darasani peke yake. Hudhaniwa kuwa mwalimu akishapata neno la kumwandikia mwanafunzi ubaoni, kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Katika nchi ya kahawa ya Bukoba na Muleba, hesabu ambazo vitabu huziita milinganyo ya mstari zimekuwa zikifanywa kila msimu katika vyama vya msingi tangu wazee wetu walipoanza kuuza kwa ushirika. Lililokosekana ni lugha ya kuzieleza kwa mwenye kahawa. Kukosekana kwa lugha hiyo kumekuwa na gharama yake, nayo imelipwa na mkulima.

Kahawa, mizani na chama

Kahawa ya robusta si mgeni katika Buhaya. Kabla ya ukoloni ilichemshwa, ikakaushwa na kutafunwa. Ilitolewa kwa wageni na ilitumika katika kufungamanisha udugu wa damu. Mti huo Wahaya huuita omwani, na buni zake amwani, maneno yenye undugu na emmwanyi la Waganda. Mtu wa pwani asikiapo neno hilo hufikiri mwani wa baharini, na huo ni ushahidi kwamba sauti moja katika lugha mbili za Kibantu haimlazimu msikilizaji kupata maana moja. Kahawa ya arabika ilikuja baadaye, katika zama za ukoloni, na wamisionari walikuwa miongoni mwa walioieneza.

Chini ya utawala wa Waingereza kahawa ikawa zao la fedha, na pamoja na fedha yakaja manung'uniko. Katika miaka ya 1930 Klemens Kiiza alikuwa miongoni mwa walioongoza chama cha wakulima wenyeji kilichotafuta kuuza kahawa pasipo kupitia kwa wachuuzi. Mwaka 1937 kulitokea upinzani mkali wa wakulima dhidi ya kanuni za kilimo cha kahawa zilizotolewa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1950 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichofahamika kwa herufi za BNCU, kikiviunganisha vyama vya msingi vya vijijini, vikiwamo vya sehemu ambazo leo ni Wilaya ya Muleba.

Historia ya baadaye inajulikana. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na mazao yakawekwa chini ya mamlaka za serikali. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulikuwa tayari umebadilishwa jina na kuitwa Kagera, baada ya vita vya 1978 na 1979. Katika miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nacho chama kikuu cha Kagera, KCU, kikaendelea kununua miongoni mwao. Katika mabadiliko yote hayo mambo mawili hayakubadilika: mkulima huleta gunia mbele ya mizani, na karani humwandikia tarakimu. Baina ya gunia na tarakimu pana hesabu.

Asili ya maneno

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Mlinganyo limetokana na kitenzi linganya, yaani kufanya vitu viwili viwe sawa au kuvipima kimoja kwa kingine. Ni neno lililochaguliwa vema, maadam linaleta mara moja sura ya mizani yenye sahani mbili: kinachoongezwa upande mmoja sharti kiongezwe upande wa pili.

Neno aljebra nalo lina safari ndefu. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mtaalamu al-Khwarizmi aliandika kitabu juu ya al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kurudisha au kuunga kilichovunjika. Katika hesabu ni kuongeza pande zote mbili ili kuondoa kilichopunguzwa. Al-muqabala ni kuvikabilisha vya upande huu na vya upande ule, kisha kufuta vinavyolingana. Neno la kwanza limetufikia kwa kupitia Ulaya, likiwa limevaa nguo za Kizungu. La pili tulikuwa nalo nyumbani siku zote, kwani mkabala na kabili ni ya mzizi huohuo. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi "weka vigeu mkabala na namba" anatumia, pengine bila kujua, neno la asili la somo lake.

Hata hivyo hesabu zenyewe ni za kale kuliko kitabu hicho. Katika Uchina, kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, kitabu kiitwacho Sura Tisa kilikuwa na sura nzima ya maswali ya aina hii. Swali la kwanza la sura hiyo lahusu mafungu ya nafaka ya daraja tatu, bora, ya kati na hafifu. Tunaambiwa mafungu kadhaa ya kila daraja yalitoa kiasi gani kwa jumla, mara tatu tofauti, nasi tutafute fungu moja la kila daraja hutoa kiasi gani. Wachina walizipanga namba kwa vijiti katika safu juu ya ubao, wakapunguza safu moja kwa nyingine hadi kibaki kisichojulikana kimoja. Njia hiyo leo huitwa kwa jina la Mjerumani Carl Friedrich Gauss, aliyeitumia mwanzoni mwa karne ya 19 katika hesabu za nyota. Badala ya nafaka tukiweka kahawa, tumefika Muleba.

Stakabadhi mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima wa Kamachumu ameleta kilo 300 za robusta na kilo 100 za arabika, akalipwa jumla ya shilingi 520,000. Mkulima wa Izigo ameleta kilo 200 za robusta na kilo 200 za arabika, akalipwa shilingi 560,000. Stakabadhi zimeandikwa jumla tu. Je, kila aina ilinunuliwa kwa bei gani?

Bei ya kilo ya robusta tuiite r, na ya arabika tuiite a. Stakabadhi ya pili yatuambia kwamba kilo 200 za kila aina, zikiwa pamoja, ni shilingi 560,000. Basi r na a kwa pamoja ni 2,800. Stakabadhi ya kwanza yatuambia kwamba 3r na a ni 5,200. Tukiondoa ile jumla ya 2,800, zinabaki 2r ambazo ni 2,400. Kwa hiyo r ni shilingi 1,200, na a ni shilingi 1,600. Atakaye kuhakikisha na azirudishe bei hizo katika stakabadhi zote mbili.

Hapa pana istilahi nne tu: mlinganyo, kigeu (kisichojulikana), kizigeu (namba inayozidisha kigeu), na suluhisho. Hakuna hata moja iliyo ngumu kwa mtu aliyemaliza shule ya msingi. Lakini faida kubwa ya milinganyo hii haipatikani pale inapokubaliana. Hupatikana pale inapokataa.

Tuseme mkulima wa tatu ameleta kilo 600 za robusta na kilo 200 za arabika, yaani mara mbili ya yule wa Kamachumu. Stakabadhi yake haiwezi kutufundisha bei mpya, kwa kuwa ni ileile ya kwanza iliyokuzwa. Milinganyo miwili ya namna hii yafaa kuitwa milinganyo tegemezi: ni miwili kwa macho, ni mmoja kwa maana. Malipo yake sharti yawe shilingi 1,040,000. Ikiwa stakabadhi yasema 1,000,000, basi hapana bei yoyote duniani inayoweza kuzitosheleza stakabadhi zote mbili. Hiyo ni milinganyo pingani. Shilingi 40,000 zina maelezo: ama ni makato yasiyotajwa, ama ni kosa la kalamu, ama ni jambo jingine. Hesabu haimtuhumu mtu. Yasema tu kwamba swali lipo, nalo ladai jibu. Mkulima aliyepewa maneno tegemezi na pingani ana silaha ya kuuliza swali hilo mkutanoni bila kugombana.

Jedwali la namba na jina lake

Chama kikuu hakina stakabadhi mbili, kina maelfu. Ndipo hesabu ihitajipo jedwali: wakulima au vyama hukaa katika safu mlalo, na aina za kahawa katika safu wima. Jedwali kama hilo, likitendewa kama kitu kimoja chenye kanuni zake za kujumlisha na kuzidisha, ndilo liitwalo na wanahisabati matriki. Jina hilo lilitolewa mwaka 1850 na Mwingereza James Joseph Sylvester, na mwaka 1858 mwenzake Arthur Cayley akaandika kanuni zake. Sylvester alilitoa katika Kilatini, ambako lina maana ya tumbo la uzazi, kwa kuwa aliona kwamba kutoka katika jedwali hilo huzaliwa namba nyingine.

Wafasiri wamejiuliza: tulitohoe, tulifasiri maana yake, au tutafute letu? Kufasiri "tumbo la uzazi" kungemchekesha mwanafunzi na kumpoteza. Wapo waliolipendelea neno solo, jina la mchezo ulio jamaa ya bao. Sababu yao ni nzuri, kwani kete katika mashimo yaliyopangwa kwa safu ni mfano hai. Matriki nalo lina faida ya kutambulika mara moja na mtu atokaye katika vitabu vya kigeni. Maoni ya makala haya ni kwamba uchaguzi ufanywe kwa mtihani mmoja: je, katibu wa chama cha msingi anaweza kulitamka mbele ya mkutano na akaeleweka baada ya kulieleza mara moja? Kwa kipimo hicho solo hushinda katika baraza na matriki hushinda katika chuo. Kuwa na yote mawili si hasara, mradi kamusi ziseme wazi kwamba ni kitu kimoja.

Kazi ya jedwali huonekana katika desturi ya ushirika ya kulipa kwa awamu: malipo ya awali mkulima aletapo kahawa, kisha malipo ya pili baada ya mauzo. Uzito haubadiliki, bei ndiyo hubadilika. Katika mfano wetu, malipo ya pili yakiwa shilingi 150 kwa kilo ya robusta na 200 kwa kilo ya arabika, jedwali lilelile la uzito huzidishwa kwa bei mpya: Kamachumu hupata 45,000 na 20,000, jumla 65,000, Izigo hupata 30,000 na 40,000, jumla 70,000. Chama kikibandika ukutani jedwali la uzito na orodha ya bei, kila mtu aweza kujikokotolea haki yake.

Butura

Liko neno moja la Kagera ambalo wafasiri wa lugha ya biashara hawana budi kulijua. Butura ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ikiwa maua, kwa bei ya chini, kwa sababu ya shida ya ada, ugonjwa au njaa. Serikali imeikemea mara nyingi, nayo haijafa, maana shida haifi kwa kukemewa.

Butura huonekana kama mauziano, lakini mlinganyo waonyesha kuwa ni mkopo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tena, mkulima amepokea shilingi 50,000 kwa gunia ambalo miezi minane baadaye lina thamani ya 90,000. Kiwango cha riba ya mwezi tukiite k. Basi 50,000, pamoja na 50,000 mara k mara 8, ni sawa na 90,000. Kwa hiyo 400,000 mara k ni 40,000, na k ni sehemu ya kumi: riba ya asilimia 10 kwa kila mwezi. Mkulima ambaye angekataa kwa hasira mkopo wa namna hiyo kama ungetajwa kwa jina lake, aukubali kwa kuwa umeitwa mauziano. Jina, basi, lina bei.

Tulipofikia

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu mwaka huohuo Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kifike sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Muleba huonja mlinganyo wa kigeu kimoja kwa Kiswahili, kisha milinganyo ya vigeu viwili na matriki huikuta kwa Kiingereza. Akirudi kijijini kuwa katibu wa chama, elimu iko kichwani katika lugha moja na wakulima wako mbele yake katika lugha nyingine.

Kwa hiyo yapendekezwa mambo matatu. Kwanza, istilahi za milinganyo na majedwali zitolewe pamoja na mifano ya mazao, ili neno na kazi yake visitengane. Pili, maneno ya biashara ya mikoani kama butura yaingizwe katika kamusi sanifu pamoja na maana yake ya kihesabu. Tatu, fomu na stakabadhi za vyama ziandike uzito, bei na makato kila kimoja mahali pake, kwa maneno yaleyale yatumiwayo shuleni. Mkulima akiisha kuona vigezo vyote vitatu mbele yake, mlinganyo ataukamilisha mwenyewe.