Je, mlo wa kutoa sumu mwilini una faida? Somo la historia kutoka Washington

Huenda umewahi kuuziwa chupa ya maji ya matunda au pakiti ya majani makavu kwa ahadi ya kutoa sumu mwilini kwa siku chache. Je, ahadi hiyo ina ukweli? Jiji la Washington lina kisa chake katika jambo hili.

Mwishoni mwa mwaka 1902, katika chumba cha chini cha ofisi ya kemia ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, vijana 12 waliketi mezani kula chakula kilichotiwa kemikali kwa makusudi. Mkuu wa ofisi hiyo, Dakta Harvey Wiley, alitaka kujua madhara ya dawa ambazo wafanyabiashara walizitumia kuhifadhi nyama, siagi na maziwa. Vijana hao walijitolea. Walipimwa uzito kila mara, na mkojo na kinyesi chao vikachunguzwa. Walianza na boraksi, na baadaye wakalishwa hata fomalini. Magazeti yaliwaita Kikosi cha Sumu.

Waliugua tumbo na kichwa, wakakosa hamu ya kula. Hata hivyo, vipimo vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya boraksi ilitoka kwa njia ya mkojo. Figo zilikwisha kuifanya kazi ambayo leo tunauziwa chupani.

Wiley hakuwatafutia watu dawa ya kujisafisha. Alitaka sumu izuiwe kabla ya kufika mezani. Tarehe 30 Juni 1906, Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya usafi wa chakula na dawa.

Lakini mwaka 1994, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoruhusu virutubisho vya ziada kuuzwa bila idhini ya awali ya Mamlaka ya Chakula na Dawa. Biashara ya kusafisha mwili ikapata mlango mpana. Mwaka 2009, serikali ilibidi iwashtaki mahakamani wauzaji wa vibandiko vya nyayo, vilivyodaiwa kunyonya sumu mtu akiwa usingizini.

Mjini Bethesda, jirani na Washington, kituo cha taifa kinachochunguza tiba mbadala kinaeleza kuwa utafiti kuhusu milo hii ni mchache na dhaifu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2015 haikupata ushahidi madhubuti kwamba milo hiyo hutoa sumu mwilini. Uzito hupungua kwa sababu mtu amekula kidogo, na mara nyingi hurudi anapoanza kula kama kawaida.

Hatari nayo ipo. Dawa za kuharisha hukausha maji ya mwili, na maji mengi ya mchicha au kiazisukari yanaweza kumdhuru mwenye figo dhaifu. Mgonjwa wa figo au wa kisukari asianze mlo wa namna hii kabla ya kumwona daktari. Kwa mwenye afya njema, ini na figo huifanya kazi hiyo usiku na mchana, bila malipo.