Miaka 25 ya Wakala wa Barabara na Idara Zake

Tarehe 1 Julai 2000, wakati Rais Benjamin William Mkapa alipokuwa akikaribia mwisho wa muhula wake wa kwanza, Wakala wa Barabara Tanzania, ambao umma unaujua zaidi kwa jina la TANROADS, ulianza kazi chini ya Sheria ya Wakala wa Serikali ya mwaka 1997, ukakabidhiwa dhima ya kuzijenga, kuzitunza na kuzihifadhi barabara kuu na barabara za mikoa katika Tanzania Bara, maana barabara za Unguja na Pemba zilikuwa, na hata leo zingali, chini ya mamlaka ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Robo karne imetimia tangu siku hiyo, na yafaa kueleza jinsi nyumba hii ilivyopangwa, kwa kuwa wengi waipitao barabara kila siku huiona lami na daraja, lakini hawapati nafasi ya kuuona utaratibu wa idara unaoifanya lami ile idumu.

Kabla ya hapo, kazi yote ilikuwa mikononi mwa wizara. Zama za Waingereza palikuwa na idara ya kazi za umma, na baada ya Uhuru urithi ule ukaendelea kwa namna ileile: wizara moja ilitunga sera, ikashika fedha, ikamiliki greda na mitambo ya kushindilia, ikaajiri madereva na vibarua, kisha ikajikagua yenyewe. Insafu yataka tuseme kwamba katika zama hizo barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Zambia ilitiwa lami, nayo ni kazi isiyostahili kudharauliwa. Lakini ilipofika miaka ya 1980, hazina ilipopungukiwa fedha za kigeni, vipuri vikaadimika, mitambo ikalala kwenye yadi za mikoa, na barabara zilizogharimu mali nyingi zikaachwa kuliwa na mvua. Mwanzo wa miaka ya 1990 Serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia na wahisani wengine, iliingia katika mradi mkubwa wa kuufufua mtandao wa barabara, na katika kuutekeleza ikadhihirika kwamba kulifufua tabaka la lami bila kuibadili taasisi inayolitunza ni kujitaabisha bure.

Ndipo kazi zilipogawanywa. Wizara ikabaki na sera. Bodi ya Mfuko wa Barabara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, ikapewa amana ya fedha zitokanazo hasa na tozo ya mafuta, ili fedha za matengenezo zisichanganyike na matumizi mengine. Wakala ukawa msimamizi. Na kazi ya mikono ikaenda kwa makandarasi, wanaoshindania zabuni na kulipwa kwa kazi iliyopimwa na kukubaliwa. Kwa maoni yangu, mgawanyo huu ndio jambo kubwa kuliko yote katika historia hii, kwa sababu anayeshika fedha si yule azitumiaye, wala anayeikagua kazi si yule aifanyaye.

Ndani ya Wakala wenyewe yuko Mtendaji Mkuu, na chini yake zimo idara za mipango, matengenezo na miradi, pamoja na zile za ununuzi, fedha, sheria na utumishi, ambazo hazitofautiani sana na za taasisi nyingine za umma. Idara ya mipango huhesabu magari yapitayo, hupima ukorofi wa uso wa barabara, na kuzipanga zile zilizo nzuri, za wastani na mbaya, ili fungu la mwaka lielekezwe penye haja.

Idara ya matengenezo ndiyo moyo wa shughuli zote, ingawa aghalabu haikatiwi utepe. Kazi zake zina madaraja yake: yako matengenezo ya kawaida, kama vile kufyeka majani, kuzibua mifereji na makalavati, na kuziba mashimo yangali madogo, yako ya muda maalumu, ambapo baada ya miaka kadhaa tabaka jipya la changarawe au lami hutandazwa juu ya lile lililochakaa, yako ya sehemu korofi, pale penye mlima au tope linalozuia magari kila masika, na yako ya dharura. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofuatana na mvua kubwa na barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ikakatika sehemu za Somanga, watu waliokesha kwenye maji na mitambo ili kurudisha mawasiliano ya mikoa ya kusini walikuwa wa safu hii.

Mizani ya kupimia uzito wa magari nayo ni sehemu ya kuilinda barabara, na madereva wa malori wanaoijua ya Vigwaza au ya Makambako hawaipendi daima. Wastahili hata hivyo kuelezwa sababu. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hayaongezeki sawa na uzito, bali kwa takriban kipeo cha 4 cha uzito huo. Hivyo ekseli inayoruhusiwa tani 10, ikibebeshwa tani 12, huiumiza barabara mara 2 hivi kuliko ilivyokadiriwa, na barabara iliyosanifiwa kudumu miaka 20 huchakaa kabla ya nusu ya umri wake. Tangu mwaka 2019 Tanzania inatumia sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, yenye kikomo cha tani 56 kwa gari na shehena yake.

Idara ya miradi ndiyo inayojulikana zaidi kwa macho. Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la Mkapa, lenye mita 970, juu ya mto Rufiji, na wasafiri wa kusini wakaacha kukingoja kivuko cha Ndundu. Mwaka 2018 ilizinduliwa barabara ya juu ya TAZARA, jijini Dar es Salaam, nayo ikapewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, Mtendaji Mkuu wa Wakala wakati huo, heshima iliyomfikia yungali hai. Alifariki mwaka 2021.

Lakini idara za makao makuu zingekuwa makaratasi matupu lau kusingekuwa na Meneja wa Mkoa. Kila mkoa wa Tanzania Bara unaye, pamoja na wahandisi na mafundi wake, na yeye ndiye anayeitwa usiku daraja linapozolewa, anayetia saini hati za malipo ya mkandarasi, na anayesimama mbele ya wananchi kueleza mipaka ya hifadhi ya barabara. Jambo hili la mwisho ni zito. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na nyumba nyingi zilizojengwa kwa halali zikajikuta ndani yake. Ofisa anayekwenda kuipaka alama ya X kwenye ukuta wa mtu anahitaji elimu ya sheria na pia adabu ya kuzungumza na mwenye nyumba, na naona adabu hii yapasa kufundishwa kwa bidii ileile inayofundishiwa hesabu za zege.

Mwaka 2017 barabara za wilaya, mijini na vijijini, zilipata wakala wao, TARURA, wenye mtandao wa zaidi ya kilomita 100,000, na TANROADS ukabaki na barabara kuu na za mikoa, ambazo sasa zimezidi kilomita 35,000. Tarehe 19 Juni 2025, siku chache kabla ya kutimia miaka 25, Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya maji ya Ziwa Victoria. Kazi kama hiyo, muda wa uangalizi wa mkandarasi ukiisha, hutoka katika madaftari ya idara ya miradi na kuingia katika yale ya matengenezo, ambako hukaguliwa mwaka baada ya mwaka kwa umri wake wote uliosalia.