Neno "Kwaya" Lilikotoka

Historia ya kwaya yetu mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tunaeleza historia ya jina lenyewe.

Chimbuko la neno kwaya ni Kigiriki cha kale: khoros. Kwa Wagiriki, khoros haikuwa kuimba peke yake. Ilikuwa ngoma, kundi la watu wanaoimba huku wakicheza, na hata uwanja wa kuchezea. Mjini Athens, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, kila kabila la mji lilileta makundi ya watu 50 kushindana katika sikukuu ya mungu wao Dionysus. Gharama za mazoezi na mavazi zililipwa na tajiri mmoja, aliyeitwa khoregos. Mhazini wetu angempokea kwa mikono miwili!

Warumi walilichukua neno hilo wakaliandika chorus, na Kanisa la Kilatini likalitumia kwa waimbaji wa ibada. Likapitia kwa Wafaransa, likafika Uingereza. Katika karne ya 17 Waingereza walibadilisha tahajia ifanane na Kilatini, ila matamshi yakabaki yale yale. Kiswahili kikaandika kilichosikia: kwaya. Ndugu yake ni korasi. Huko Ugiriki, hadi leo khoros ni dansi.

Tunayasema haya kwa sababu. Sote tunaukumbuka mwaka tulipovutana kuhusu kucheza mbele ya madhabahu. Wengine walisema kwaya ni ya kuimba tu, miguu itulie. Baadhi ya waimbaji wetu wa besi waliondoka, hawajarudi. Hatuandiki ili kumwonyesha mtu kosa lake. Kwa karne nyingi kwaya zimeimba zikiwa zimesimama wima, na Mungu ametukuzwa.

Lakini katika Agano Jipya la Kigiriki, neno khoros limo mara moja tu: Luka 15:25. Mwana mkubwa anatoka shambani, anakaribia nyumbani, anasikia muziki na khoros. Anakasirika, anakataa kuingia. Baba hakuwanyamazisha waliokuwa wakicheza, wala hakumfungia mwanawe mlango. Alitoka nje kumsihi.

Nasi leo tumetoka nje. Ndugu zetu, safu ya nyuma upande wa besi ina nafasi zenu. Atakayecheza acheze, atakayesimama asimame. Karibuni nyumbani.

Katibu wa Kwaya