Kwa Nini Wananchi Wengi Husita Kutumia Blokicheni katika Huduma za Fedha

Blokicheni ni daftari la kidijitali linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi, ambamo muamala ukishathibitishwa hauwezi kufutwa wala kubadilishwa na mtu mmoja. Matumizi yake yanayofahamika zaidi ni sarafu mtandao ya Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009. Hata hivyo, mwananchi haikubali huduma ya fedha kwa sababu ya ubunifu wake pekee. Hupima kwanza iwapo inamfaa kuliko ile aliyoizoea.

Mfano ulio wazi ni El Salvador. Tarehe 7 Septemba 2021, nchi hiyo ya Amerika ya Kati ilikuwa ya kwanza duniani kuifanya Bitcoin kuwa fedha halali sambamba na dola ya Marekani. Serikali ilianzisha programu ya simu iitwayo Chivo, na raia aliyejisajili alipewa Bitcoin yenye thamani ya dola 30. Utafiti wa wachumi uliohusisha kaya 1,800 ulibaini kuwa zaidi ya nusu ya walioipakua hawakuendelea kuitumia baada ya kutumia zawadi hiyo. Wasioipakua walisema wanapendelea fedha taslimu au hawauamini mfumo huo. Walioendelea walikuwa zaidi vijana, wanaume, wasomi na wenye akaunti za benki, yaani si wale wasiofikiwa na benki ambao mpango ulitajwa kuwalenga. Januari 2025 sheria ilirekebishwa, na wafanyabiashara hawalazimiki tena kuipokea.

Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa nchini Kenya Machi 2007, ilijibu haja iliyokuwapo: kutuma fedha nyumbani bila kumkabidhi bahasha dereva wa basi. Wakala yuko jirani, na aliyesahau namba ya siri husaidiwa. Katika blokicheni, anayejitunzia ufunguo wa siri akiupoteza hana ofisi ya kumrejeshea, na fedha iliyotumwa kwa anwani isiyo sahihi kwa kawaida hairudi. Kusita kwa namna hiyo ni tahadhari, si ujinga kama baadhi ya wauzaji wa sarafu hizo wanavyodai.

Kupanda na kushuka kwa bei nako huwakatisha tamaa wenye kipato kidogo. Sarafu mtandao zinazofungamanishwa na dola hupunguza tatizo hilo, na huvutia zaidi wanaotuma fedha nje ya nchi, ambako ada za njia za kawaida ni kubwa.

Msimamo wa sheria pia una uzito. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutahadharisha umma kuwa sarafu mtandao hazitambuliki kisheria nchini. Hata hivyo, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria inayowataka watoa huduma za mali hizo kuwa na leseni.